Padre Augustus Tolton: Mhitimu wa Roma Aliyepangiwa Kurudi Nyumbani

Jumamosi Kuu, tarehe 24 Aprili 1886, katika Basilika ya Mtakatifu Yohane wa Laterano mjini Roma, Kardinali Lucido Maria Parocchi alimwekea mikono shemasi mmoja Mmarekani mweusi na kumpa Daraja Takatifu ya Upadre. Shemasi huyo aliitwa Augustus Tolton, mwenye umri wa miaka 32. Alikuwa amezaliwa mtumwa. Kwa miaka 6 alikuwa amesoma falsafa na teolojia mjini humo, akijiandaa kwa moyo wote kwenda kuhubiri Injili barani Afrika. Lakini siku za upadrisho zilipokaribia aliarifiwa kwamba hatakwenda Afrika. Alipangiwa kurudi Marekani, katika nchi ambayo hakuna seminari hata moja iliyokuwa imekubali kumpokea.

Ndugu msomaji, kila mwaka familia zetu huwasindikiza vijana wao kwenye mahafali ya vyuo vyetu vya Kikatoliki. Misa ya shukrani huadhimishwa, majoho huvaliwa, picha hupigwa, na kabla hata maua hayajanyauka swali moja huanza kuulizwa na wazazi, majirani na wahitimu wenyewe: amepangiwa wapi? Ndani ya swali hilo mna matumaini mengi, na mna hofu pia. Wapo wanaopangiwa mahali walipopaombea, na wapo wengi wanaopangiwa mahali ambapo hawakupafikiria kabisa, au mahali wanapopafahamu mno na wasingependa kurudi. Kwa hao hasa, maisha ya Padre Tolton yana neno la kusema.

Mtoto wa ubatizo, mtoto wa utumwa

Augustus alizaliwa tarehe 1 Aprili 1854 huko Brush Creek, eneo la wakulima katika jimbo la Missouri. Wazazi wake, Peter Paul Tolton na Martha Jane Chisley, walikuwa watumwa wa familia mbili za wazungu waliokuwa majirani, nao wote walikuwa Wakatoliki. Watoto wao walibatizwa katika kanisa la Mtakatifu Petro la hapo Brush Creek, na mke wa bwana aliyemmiliki Martha ndiye aliyesimama kuwa mama wa ubatizo wa Augustus. Jambo hili linahitaji kutafakariwa polepole. Mtoto huyu alifanywa mwana wa Mungu kwa maji na Roho Mtakatifu, kisha akarudishwa nyumbani akiwa, kwa mujibu wa sheria za nchi, mali ya familia ya mama yake wa ubatizo. Waliomleta kisimani hawakuona mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili.

Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza nchini Marekani. Baba yake Augustus alitoroka ili ajiunge na jeshi la Kaskazini, na hakurudi tena. Alifariki katika kipindi hicho cha vita. Mwaka 1862 Martha naye aliamua kutoroka. Aliwachukua watoto wake watatu, Charley, Augustus na Anne aliyekuwa bado mdogo kabisa, akaelekea Mto Mississippi. Ng'ambo ya mto ule lilikuwapo jimbo la Illinois, ambako utumwa haukuruhusiwa. Walinusurika kukamatwa na askari wa Kusini, wakapata mtumbwi, wakavuka, wakaendelea na safari hadi mji wa Quincy. Martha hakujua kusoma wala kuandika, lakini aliijua thamani ya kitu alichokuwa amekivusha. Historia ya wito wa Padre Tolton inaanzia katika mtumbwi ule, mikononi mwa mama huyo.

Miaka ya kugonga milango

Uhuru haukuleta chakula. Mjini Quincy mama na wanawe walipata kazi katika kiwanda cha tumbaku, na Augustus aliingia kiwandani akiwa na umri ambao watoto wetu leo wako darasa la tatu. Haukupita muda mrefu kaka yake Charley akafariki. Kiwanda kilifungwa wakati wa majira ya baridi, na miezi hiyo michache ndiyo iliyokuwa nafasi pekee ya mtoto huyo kusoma.

Mama yake alimpeleka kwanza katika shule ya parokia ya Mtakatifu Bonifasi, parokia ya Wakatoliki wenye asili ya Ujerumani. Wazazi wa watoto wengine walikataa mtoto mweusi asikae darasani pamoja na watoto wao. Vitisho viliongezeka, na baada ya muda wa mwezi mmoja hivi Augustus alilazimika kuondoka. Waliomfukuza walikuwa watu wa Misa ya kila Dominika.

Hapo ndipo anapotokea Padre Peter McGirr, mzaliwa wa Ireland, aliyekuwa paroko wa parokia ya Mtakatifu Petro katika mji uo huo. Padre McGirr alimpokea kijana huyo katika shule ya parokia yake, akawaeleza waamini wake bila kuzungukazunguka kwamba mtoto huyo atasoma hapo. Walikuwapo walionung'unika, lakini paroko hakurudi nyuma. Masista wa Notre Dame waliofundisha shuleni hapo walimsaidia Augustus kufidia miaka aliyoipoteza kiwandani. Alijifunza kutumikia Misa, na alizoea kuhudumu altareni alfajiri kabla ya kwenda kazini. Padre McGirr aliiona bidii hiyo, akaanza kuzungumza naye kuhusu wito wa upadre.

Augustus alimaliza shule hiyo mwaka 1872. Padre McGirr na mapadre wenzake walianza kumtafutia nafasi ya malezi ya kipadre, wakaandika barua katika seminari na mashirika mbalimbali. Majibu yalikuwa ya namna moja: hakuna aliyekuwa tayari kumpokea mseminari mweusi. Walikuwapo kabla yake ndugu watatu wa familia ya Healy, waliozaliwa na baba kutoka Ireland na mama mtumwa, ambao walipewa daraja ya upadre huko Ulaya, na mmoja wao akawa askofu. Lakini hao walitambulika hadharani kwa asili ya baba yao. Kumpokea kijana ambaye kila mtu alimwona wazi kuwa mweusi, aliyezaliwa mtumwa kwa baba na mama, lilikuwa jambo ambalo Kanisa nchini humo halikuwa tayari kulifanya.

Kwa miaka kadhaa Augustus aliishi katika hali hiyo. Mchana alikuwa kibarua; kwa muda uliobaki mapadre wa mji ule walimfundisha Kilatini na masomo mengine, mmoja leo na mwingine kesho, kadiri walivyopata nafasi. Wakati huohuo alijitolea kuwafundisha katekisimu watoto weusi wa mjini humo. Hakusubiri awe padre ndipo aanze kutumikia.

Chuo cha Wafransisko na safari ya Roma

Mwaka 1878 mlango mmoja ulifunguliwa. Ndugu Wafransisko waliotoka Ujerumani walikuwa wameanzisha mwaka 1860 chuo mjini Quincy, kilichoitwa Chuo cha Mtakatifu Fransisko Solano, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Quincy. Wao walimpokea Augustus kama mwanafunzi wao. Alikuwa na umri wa miaka 24, akaketi darasani na vijana wadogo kuliko yeye. Chuo hicho hakikuweza kumpeleka moja kwa moja kwenye upadre, lakini kilimpatia elimu ya msingi iliyohitajika na, zaidi ya hayo, kilimpatia mtetezi. Padre Michael Richardt, Mfransisko, aliandika Roma kwa niaba yake.

Jibu lilipatikana. Februari 1880 Augustus aliagana na mama yake, akapanda meli kuvuka Atlantiki, na mwezi uliofuata alipokelewa katika Kolegio ya Urbano mjini Roma. Kolegio hiyo ilianzishwa mwaka 1627 na Papa Urbano wa Nane ili kuwalea mapadre kwa ajili ya nchi za misioni, chini ya Idara ya Propaganda Fide iliyosimamia kazi ya kimisionari duniani kote. Wasomaji wetu wengi wanaifahamu taasisi hiyo kwa jina la Urbaniana, ambako mapadre na maaskofu wengi wa Afrika Mashariki wamesoma. Kardinali Laurean Rugambwa ni mmoja wa waliosomea hapo, karibu miaka 70 baada ya Augustus Tolton.

Huko Roma kijana huyo aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona nchini kwake. Katika Kolegio hiyo vijana wa rangi na lugha mbalimbali waliishi pamoja, wakala meza moja, wakasali kanisa moja. Rangi yake haikuwa kosa. Wenzake walimpenda, walimwita Gus, na walifurahia akodioni yake wakati wa mapumziko. Wanafunzi wa Kolegio hiyo walikula kiapo cha kutumikia misioni mahali popote watakapotumwa. Augustus alikula kiapo hicho, na kwa akili ya kawaida yeye na walezi wake walidhani kwamba mahali hapo patakuwa Afrika. Alijibidiisha kujifunza habari za bara hilo na watu wake.

Kituo alichopangiwa

Inafaa tukumbuke jinsi Afrika ilivyokuwa wakati huo. Bagamoyo, Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wamefika mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa. Nchini Uganda, mwaka uleule wa 1886, tarehe 3 Juni, ikiwa ni majuma 6 hivi baada ya upadrisho wa Tolton, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo kwa ajili ya imani yao. Ingepita miaka 27 kabla mapadre wazalendo wa kwanza wa Uganda hawajapata daraja, mwaka 1913. Padre mweusi kutoka Roma angepokelewa hapa kwetu kwa vigelegele. Sababu za kumleta zilikuwa nyingi na nzuri.

Lakini Kardinali Giovanni Simeoni, Mkuu wa Propaganda Fide, aliona vingine. Wakati huo Marekani nayo ilihesabiwa kuwa nchi ya misioni chini ya idara hiyo, na iliendelea kuwa hivyo hadi mwaka 1908. Kwa hiyo alikuwa na mamlaka ya kumtuma padre huko, na aliitumia. Aliona kwamba taifa lililojisifia ustaarabu wake lilihitaji kumwona padre mweusi altareni, na kwamba ikiwa halijawahi kumwona hata mmoja, basi wakati ulikuwa umefika. Tolton alipangiwa Quincy, mji uleule wa kiwanda cha tumbaku na shule iliyomfukuza.

Tunaweza kuwaza uzito wa uamuzi ule moyoni mwake. Kwenda ugenini ni kugumu, lakini mgeni huanza na ukurasa mweupe. Anayerudi nyumbani huwakuta watu wanaomkumbuka, wanaojua alikuwa nani na kwamba wao ndio waliomkataa. Tolton alikuwa amekula kiapo, naye hakukifasiri upya kwa kuwa kituo kilikuwa kigumu. Alitii. Siku iliyofuata, Dominika ya Pasaka, aliadhimisha Misa yake ya kwanza katika Basilika ya Mtakatifu Petro, na baadaye akaanza safari ya kurudi.

Quincy: furaha ya mwanzo na uchungu uliofuata

Alifika Marekani mwezi Julai 1886. Jijini New York aliadhimisha Misa katika kanisa la Mtakatifu Benedikto Mwafrika, kanisa la waamini weusi, na tarehe 18 Julai aliadhimisha Misa yake ya kwanza ya hadhara mjini Quincy. Watu walifurika, weusi kwa weupe. Misa hiyo iliadhimishwa katika kanisa la Mtakatifu Bonifasi. Mtoto aliyefukuzwa katika shule ya parokia hiyo sasa alisimama kwenye altare yake, na waamini wa parokia hiyo wakapiga magoti kupokea Mwili wa Kristo mikononi mwake.

Kama simulizi lingeishia hapo, lingekuwa zuri na jepesi. Halikuishia hapo. Padre Tolton alikabidhiwa parokia ya Mtakatifu Yosefu, iliyokuwa ya waamini weusi, ndogo na maskini. Alihubiri vizuri, aliimba vizuri, aliwasikiliza watu kwa upole, na sifa zake zikaenea kiasi kwamba Wakatoliki wazungu nao walianza kusali katika kanisa lake na kuacha sadaka zao hapo. Hilo likawa kosa lake. Padre aliyekuwa dekano wa eneo hilo, paroko mpya wa Mtakatifu Bonifasi, alichukizwa, akamtaka awahudumie watu weusi tu na kuwarudisha wazungu katika parokia zao. Kwa upande mwingine, viongozi wa madhehebu ya Kiprotestanti ya watu weusi nao hawakupenda waamini wao wavutwe na padre Mkatoliki. Akabaki katikati, akisukumwa na pande mbili, huku idadi ya waamini wake ikiwa ndogo.

Tusilifiche hili, kwa maana kulificha hakumheshimu marehemu wala hakulisaidii Kanisa: mateso makubwa ya Padre Tolton mjini Quincy yalitoka kwa padre mwenzake. Upweke wa padre aliyetengwa na mapadre wenzake ni mzito kuliko umaskini wa parokia.

Je, alifanya nini? Hakuasi, na hakunyamaza. Nje ya Quincy aliendelea kuwatia moyo ndugu zake: mwezi Januari 1889 aliadhimisha Misa ya mkutano mkuu wa kwanza wa Wakatoliki weusi wa Marekani, uliofanyika Washington. Na kuhusu hali yake mwenyewe aliandika Roma, kwa wale waliomtuma, akawaeleza na kuomba ruhusa ya kuhamia mahali ambapo angeweza kufanya kazi. Utii wake haukuwa wa mtu asiye na kauli. Alisema ukweli kwa wenye mamlaka, akasubiri jibu, na wakati akisubiri akaendelea kuadhimisha Misa, kufundisha na kuwatembelea wagonjwa. Ruhusa ilipokuja, mwezi Desemba 1889 alihamia Chicago, baada ya miaka 3 na nusu ya utumishi Quincy. Baadhi ya waamini wake walimfuata.

Chicago: kanisa ambalo halikukamilika

Askofu Mkuu Patrick Feehan wa Chicago alimkabidhi kundi dogo la Wakatoliki weusi waliokuwa wakisali katika chumba cha chini cha kanisa la Mtakatifu Maria. Mji ulikuwa ukikua kwa kasi, na watu weusi waliotoka Kusini walizidi kuingia, wakiishi katika nyumba duni zilizobanana. Padre Tolton alifanya makazi yake katikati yao, na mama yake alikuja kuishi naye. Mama aliyemvusha mto sasa ndiye aliyetunza nyumba ya paroko.

Alitembea sana. Alipanda ngazi za majengo mabovu, akakaa na wagonjwa, akawatafutia maskini chakula na makaa ya kuotea moto. Aliombaomba fedha kwa ajili ya kanisa, jambo ambalo kila paroko anayejenga analifahamu vizuri. Mama mmoja mfadhili, Anne O'Neill, alitoa dola 10,000. Mtakatifu Katharine Drexel, mtawa aliyetumia urithi wake wote kwa ajili ya watu weusi na wenyeji wa asili wa Marekani, naye alimsaidia. Ujenzi wa kanisa la Mtakatifu Monika ulianza, na mwezi Januari 1894 waamini waliingia humo kusali. Kundi dogo la mwanzo lilikua likafikia waamini 600 hivi.

Hata hivyo fedha hazikutosha. Kanisa lilitumika likiwa halijakamilika, na Padre Tolton hakuishi kuona likikamilika. Alikuwa padre mweusi anayejulikana kuliko wote nchini; barua na mialiko ilimjia kutoka kila upande, kila mtu akitaka aje azungumze, abariki, aonekane. Alijitahidi kuwaitikia. Afya yake ilianza kudhoofika, na katika miaka yake ya mwisho watu wa karibu naye waliona kwamba amechoka kuliko umri wake.

Mwezi Julai 1897 jiji la Chicago lilipatwa na joto kali lililoua watu wengi. Padre Tolton alikuwa amekwenda Bourbonnais kwa mafungo ya mapadre. Aliporudi kwa treni na kuanza kutembea kwa miguu kutoka kituoni, alianguka barabarani. Alipelekwa hospitali ya Mercy, na huko alifariki dunia tarehe 9 Julai 1897. Alikuwa na umri wa miaka 43, na miaka 11 ya upadre.

Alikuwa ameomba azikwe Quincy. Mwili wake ulirudishwa huko, ukalazwa katika makaburi ya Mtakatifu Petro, parokia ya Padre McGirr. Mama yake aliishi hadi mwaka 1911. Mwaka 2010 Jimbo Kuu la Chicago, chini ya Kardinali Francis George, lilifungua mchakato wa kumtangaza mtakatifu, na mwezi Juni 2019 Papa Fransisko aliidhinisha hati inayotambua fadhila zake za kishujaa. Kanisa linasubiri sasa muujiza utakaothibitishwa, ili aweze kutangazwa Mwenyeheri.

Kwa wahitimu wetu, na kwa parokia zetu

Tukiyatazama maisha haya kwa macho ya mahesabu, hatuoni mafanikio makubwa. Parokia yake ya kwanza ilimshinda. Kanisa lake la pili halikumalizika. Afrika hakuiona kamwe. Lakini Kanisa limempima kwa kipimo kingine, nalo limesema kwamba ndani ya miaka hiyo 11 mna ushujaa unaofaa kuigwa na Wakristo wote. Jambo hili nalisisitiza kwa mhitimu anayeanza kazi mwaka huu katika zahanati isiyo na dawa za kutosha, katika shule yenye madawati machache, au katika ofisi ambayo wakubwa wake hawapendi mtu mwaminifu. Ugumu wa kituo si ushahidi kwamba umepotea njia. Na kuomba uhamisho kwa njia halali, baada ya kufanya kazi kwa moyo, si dhambi wala usaliti. Padre Tolton alifanya yote mawili: alibaki hadi alipoweza kubaki, na aliomba kwa unyenyekevu alipoona kazi imezibwa.

Kwa wazazi, ningependa wamtazame Martha. Hakuwa na shahada, wala hakujua nini kingekuwa mwisho wa safari yake. Alimvusha mwanawe, akampeleka shuleni, shule ilipomkataa akampeleka nyingine, kisha akamwachia Mungu aamue atatumwa wapi. Wapo wazazi wanaosomesha watoto kwa jasho, kisha hukasirika mtoto anaporudi kijijini kufundisha, au anapochagua utawa, kana kwamba elimu hiyo imetupwa. Elimu inayowarudia watu wa nyumbani haijatupwa.

Na kwa parokia zetu kuna swali zito zaidi. Katika mji mmoja, katika miaka ileile, zilikuwapo parokia mbili za Kikatoliki. Moja ilimfukuza mtoto, nyingine ikampokea. Zote mbili zilikuwa na tabernakulo, rozari na Misa za Dominika. Kilichozitenganisha ni paroko mmoja aliyekubali kulaumiwa na waamini wake kwa ajili ya mtoto wa mjane. Leo kwetu hatuwafukuzi watoto kwa sababu ya rangi. Lakini yupo mtoto anayeambiwa kwa maneno au kwa macho kwamba hapa si pake, kwa sababu ya kabila lake, ulemavu wake, au kwa kuwa mama yake hana ndoa na hana ada. Yupo pia padre au katekista anayepokelewa kwa ubaridi kwa kuwa hakuzaliwa katika jimbo letu. Hatujui ni nani kati yao ambaye Mungu amemwandaa. Wale wa Mtakatifu Bonifasi nao hawakujua.

Nawaalika basi familia zenye wahitimu mwaka huu wasali pamoja nao siku moja kwa nia hii: kwamba kila mmoja akipokee kituo atakachopangiwa kwa imani, na kwamba Padre Augustus Tolton, kama ni mapenzi ya Mungu, atangazwe Mwenyeheri. Na pale mhitimu wa familia nyingine atakapopangiwa katika kijiji au mtaa wetu, mgeni, bila ndugu, kanisa la kwanza atakaloingia Dominika liwe limemwekea nafasi ya kukaa.